Babu Luhaga Si Mbuzi

Hospitali ilisema kipande cha nyama kilichokatwa kwenye mguu wa Babu Luhaga kilikuwa cha mbuzi. Haikusema kinafanana na cha mbuzi. Ilisema ni cha mbuzi, na kwamba mbuzi mwenyewe hakuwa na ugonjwa wowote.

Tabibu wa zahanati alirudia habari hiyo mara mbili, huku akimchungulia mzee juu ya miwani kama mtu anayetafuta pembe. Rose, binti wa mzee huyo, alishika mdomo. Babu Luhaga, mfugaji wa Kisesa aliyekuja Mkolani kwa binti yake ili atibiwe, alifikiri kidogo.

"Mbuzi nimekula wengi," alisema. "Labda ndio wameshukia miguuni."

Ni Justa pekee, mtoto wa Rose, ambaye hakushangaa. Alikuwa darasa la sita, na alimfahamu mbuzi yule vizuri. Alikuwa mbuzi mweusi.

Mambo yalianza na doa jeusi kwenye unyayo wa Babu, chini ya kidole gumba cha mguu wa kushoto. Babu alikaa nalo tangu msimu wa pamba, akisema ni mwiba. Alilichokonoa kwa sindano ya kushonea magunia. Alilipaka majivu, kisha akalipaka oili chafu ya trekta. Doa likazidi kutanuka na kutoa majimaji. Mwishowe Rose alimkokota hadi kwenye zahanati, moja ya zile za binafsi zilizoota mjini kama uyoga baada ya serikali kuruhusu watu kuzifungua. Tabibu akamchoma sindano ya ganzi, akakata kipande kidogo kama punje ya hindi, akakitumbukiza kwenye kichupa chenye dawa kali ya kuzuia nyama isioze.

"Kifike maabara ya hospitali kubwa leo hii," alisema. "Huko wataangalia kama ni saratani. Na mtu asikifungue."

Rose alikuwa na robota la mitumba la kufungua sokoni, na wateja wa mitumba hawamsubiri mtu. Akampa Justa kichupa. "Nenda moja kwa moja. Usisimame popote."

Justa alisimama soko la samaki, kwa sababu Yeremia, mwenzake wa darasani, alikuwa pale akimsaidia mjomba wake kuanika dagaa.

"Umebeba nini?" Yeremia aliuliza.

"Mguu wa babu yangu."

"Muongo! Mguu mzima unaenea kwenye kichupa?"

"Kipande, mjinga wewe. Kina ugonjwa."

"Hicho ni kipande cha utumbo wa sangara. Kama kweli ni cha mtu, kitoe tukione."

Hakuna mtoto wa Mwanza anayekubali kuitwa muongo mbele ya dagaa. Justa alifungua kifuniko. Harufu ya dawa iliwapiga puani, macho yakawatoka machozi. Akakichoma kile kipande kwa kijiti na kukiinua juu, kama mtu anayeonyesha kombe la mpira.

Nyuma yao walikuwa wamesimama korongo wa sokoni, wale wakubwa wenye upara na mfuko shingoni, wanaosubiri matumbo ya samaki kama wastaafu wanavyosubiri pensheni. Mmoja alipiga hatua, akanyoosha shingo, na kijiti kikabaki kitupu.

Korongo alimeza. Akafumba jicho moja. Akafumba na la pili. Kisha akaendelea kusimama.

"Amemla babu yako," Yeremia alinong'ona.

Justa alitaka kulia, lakini hofu ilimkausha. Mama angemchapa. Tabibu angemfokea. Babu angekatwa tena. Ndipo alipoona kibanda cha Nestory, muuza nyama, na beseni la miguu ya mbuzi iliyokuwa ikisubiri kubabuliwa kwa ajili ya supu.

"Shikamoo, kaka Nestory. Naomba kangozi kadogo."

"Marahaba. Ka nini?"

"Ka sayansi."

Nestory aliiheshimu sayansi. Akamkatia.

Yeremia alikikagua kile kipande. "Babu yako ana nywele kwenye unyayo?"

"Hana."

"Basi tumnyoe huyu." Akatoa kiwembe chake cha kuchongea penseli.

Walikinyoa mpaka kikang'aa. Justa alikitia kwenye kichupa, akakipeleka maabara, na karani akakipokea. Njiani kurudi alijipa moyo: nyama ni nyama. Watasema haina ugonjwa, Babu atafurahi, atarudi kwa ng'ombe wake. Ilikuwa hesabu nzuri, ila jibu lake halikuwa sahihi.

Sasa, baada ya mwezi mzima, majibu yametoka, na nyumbani Mkolani mkutano umeitishwa. Mzee Mhoja, rafiki wa Babu, alikuwa amefika kutoka Kisesa, na hakuwa na shaka hata kidogo.

"Umelogwa, Luhaga. Wameanzia chini. Leo unyayo, kesho goti. Ikifika kichwani tutakufunga kamba."

"Nani aliyeniloga?"

"Kwani ni nani uliyemnyima mbuzi?"

Babu alihesabu vidoleni, akaishiwa vidole. "Basi tena," alisema. "Hospitali siendi. Wakinikata mara ya pili nitalia sauti gani, mee? Mhoja, mlete fahali wangu mwekundu. Tumpelekee mganga wako."

"Baba," Rose alisema, "tabibu amesema twende tena kesho. Huenda wamechanganya."

"Hospitali haiwezi kuchanganya mtu na mbuzi! Nimesema siendi."

Justa alikuwa mlangoni na sinia la chai. Aliutazama ule mguu juu ya kigoda. Kitambaa kilichofungwa juzi kilikuwa kimeloa tena. Wakati ule wote alikuwa ameogopa fimbo. Sasa aliona kitu kibaya kuliko fimbo: Babu yake alikuwa anakwenda kufa kwa sababu ya kiwembe cha Yeremia.

Aliweka sinia chini.

"Babu, wewe si mbuzi."

"Asante, mjukuu wangu. Lakini wataalamu..."

"Mbuzi ni wa Nestory. Wewe uliliwa na korongo."

Akaeleza yote, hadi ya kunyoa. Rose alianza kuinuka, na kila mtu alijua alikuwa anafuata nini, lakini Babu alimzuia kwa mkono.

"Huyo korongo," aliuliza, "alikufa?"

"Hapana, Babu."

"Mhoja, umesikia? Ananimeza mimi Luhaga, na hafi!" Akacheka mpaka akakohoa. Kisha kicheko kikafutika usoni. "Nilikatwa, Justa. Sindano ya ganzi ilipoingia unyayoni, niliuma shuka ili muuguzi asinisikie. Halafu wewe ukanipeleka kwenye maonyesho."

Maneno hayo yalimuuma Justa kuliko fimbo ambayo mama yake alimchapa baadaye.

Babu alikatwa mara ya pili. Safari hii Rose alifunga biashara, akakipeleka kichupa mwenyewe, na Justa nyuma yake. Maabara walimkuta Dakta Sheetal, mwanamke mwembamba, mzaliwa wa Mwanza, ambaye kazi yake ni kusoma ugonjwa ndani ya vipande vya nyama. Rose alipomweleza kisa chote, alimgeukia Justa.

"Kumbe wewe ndiye kinyozi wa mbuzi," alisema. "Njoo."

Alimwinamisha kwenye hadubini. "Tunakata kipande chembamba kuliko karatasi, tunakitia rangi, tunakitazama. Huyu ni mbuzi wako. Unaona vishimo hivyo?"

"Naviona."

"Ni mizizi ya nywele. Unyayo wa mtu hauoti nywele. Mlinyoa juu, mizizi ikabaki chini. Uongo wote uko hivyo, binti. Siku zote kuna mtu mwenye hadubini."

Majibu ya Babu yalipotoka, ilikuwa saratani ya ngozi. Dakta Sheetal alimweleza mzee mwenyewe, akianza kwa kumwamkia kwa Kisukuma.

"Kwa sisi watu wa ngozi nyeusi," alisema, "saratani hii hupenda kujificha kwenye nyayo, viganjani na chini ya kucha. Doa jeusi linalokua si mwiba, mzee. Halichokonolewi. Linaletwa hospitali, na linaletwa kwa ukweli. Sasa itabidi gumba na kidole kinachofuata vikatwe."

Justa aliinua mkono kama yuko darasani. "Kama ningesema siku ileile, Babu angepona bila kukatwa vidole?"

"Gumba lingeondoka hata hivyo. Cha pili, sijui. Muda ukishapotea haurudi kutoa ushahidi."

Babu alipona, akarudi kwa ng'ombe wake baada ya miezi kadhaa. Fahali mwekundu hakupelekwa kwa mganga. Gharama ni hii: mwezi mzima uliopotea, makovu mawili ya kisu palipotosha moja, na vidole viwili vya mguu wa kushoto. Na muda wote Babu alipokaa Mkolani, kila asubuhi kabla ya shule, Justa alipiga magoti akamfunga kamba ya katambuga, kiatu chake cha tairi, ya mguu wa kushoto, kwa sababu gumba la kuishikilia halikuwepo.