Mshtuko wa Jebet

Kila asubuhi Ayoo na Jebet walifagia darasa la gredi ya sita pamoja, katika shule yao karibu na Chepkoilel. Mlango ukibamizwa na upepo, Ayoo hata hakugeuka. Jebet alikuwa kinyume chake. Rula ikianguka tu, yeye aliruka, na darasa zima likamcheka.

Jumatano moja, huku wakisubiri matokeo ya mtihani, Jebet alitumwa kupeleka chupa ya chai kwa walimu. Ayoo alipuliza mfuko wa karatasi, akamnyemelea, akaupasua nyuma ya sikio lake. Jebet aliruka, chupa ikamponyoka ikavunjika, na chai ya moto ikamuunguza mguu.

Mwalimu Naomi alifika mbio, akamwagia mguu ule maji baridi kwa muda mrefu. Alipomuuliza kilichotokea, Jebet alisema alishtuka tu. Hakumtaja mtu. Wenzake wakanong'ona kuwa mwoga kama huyo asitumwe tena.

Mchana Ayoo alikula githeri bila kuisikia ladha. Alijua Jebet alikuwa amemwona. Masomo yalipokwisha alimwendea mwalimu, akaeleza yote.

Mwalimu hakumfokea. Alimwita Jebet, kisha ghafla akapiga kofi moja hewani mbele ya uso wa Ayoo. Ayoo akapepesa macho.

“Umeogopa?”

“Hapana, mwalimu. Macho yamejifunga yenyewe.”

“Basi mwili hauombi ruhusa,” Mwalimu Naomi alisema. “Wako hujibu kwa kope, wa Jebet hujibu wote, na akiwa na wasiwasi hujibu zaidi. Ndivyo alivyo. Ndiyo maana mtoto wa chekechea akilia, yeye ndiye wa kwanza kusikia.”

Ayoo alimtazama rafiki yake, kisha mguu wake uliofungwa kitambaa. “Nisamehe, Jebet. Nilidhani unajifanya.”

“Ukija nyuma yangu,” Jebet akasema, “niite jina kwanza.”

Ayoo aliahidi, akauchukua mkoba wa Jebet ili ambebee hadi kwao.

Mwalimu aliwasindikiza mpaka langoni. “Hakuna anayechagua kushtuka,” aliwaambia. “Tunachagua tutakalofanya baadaye. Jebet alichagua kumsitiri mwenzake, nawe Ayoo umechagua kusema kweli. Kwangu mimi, hakuna mwoga hapa.”