Picha ya Mdomo wa Pango

Kamera ya karani Adelard iliibwa Jumatatu ya Pasaka, mwaka 1954, kwenye kile kisiwa cha miamba kilicho mbele ya Kunduchi. Watu kumi na wawili wa Kinondoni walikwenda kutembea, na mvua ya masika ikawacharaza tangu waliposhuka mashuani. Wakatazama mapango, wakala wali uliolowa, wakarudi wamefurahi. Kamera haikurudi.

Kesho yake Inspekta Jabiri, Mswahili wa pwani hasa, akabisha hodi kwa Revelian, mwalimu wa shule ya misheni, aliyekuwemo safarini pamoja na mkewe. Alikuwa amekwisha kuwahoji wasafiri wengine. La maana alilipata kwa Adelard mwenyewe: picha yake ya mwisho ilikuwa ya mdomo wa pango la mzimu, wenyeji wanapopeleka nadhiri.

Mwalimu alitoka akichechemea.

"Umeumia?"

"Miamba ya kule, Inspekta. Inakata!"

"Hebu nione viatu."

Viatu vilikuwa vizima, soli haina hata mchubuko. Jabiri akaomba kuona nyayo. Zilichanika vibaya mno, akamwonea huruma.

"Ulivua viatu kwa nini?"

"Viliingia maji."

"Kwa maji tu, ukatembea peku juu ya miamba ile? Mie mtoto wa pwani, mwalimu. Mtu akienda kwenye mzimu huacha viatu chini, akapanda peku. Nani alikuambia?"

Felicitas, mke wa mwalimu, alikuwa amesimama mlangoni. Mwalimu hakumtazama.

"Nahodha."

"Na kamera?"

"Imo kwenye debe la unga."

"Uliichukulia nini?"

"Nilikuwa nimepiga magoti mle pangoni. Nikageuka, Adelard ananielekezea kamera. Padri akiiona picha ile, kazi sina, na nyumba hii ya misheni sina."

"Adelard hakumwona mtu. Anasema mle mlikuwa giza tupu. Uliomba nini?"

"Mtoto. Tumezika watatu. Na mke wangu kila siku namkataza mambo hayo. Namwambia tusali, tuvumilie. Ningemtazamaje?"

Jabiri alifunga daftari. Wizi ni wizi, na angemwita Adelard aseme kama anashtaki. Lakini moyo ulimuuma.

Felicitas akaja, akakaa chini karibu na mumewe.

"Mimi nilikutangulia pangoni," alisema. "Jana asubuhi, mlipokuwa mnahangaika na kuni mbichi. Kutwa nzima nilikuwa nakuogopa wewe."