Maneno ya Kocha Leszek

Kila asubuhi saa moja, Mama Annonciata alirudi kutoka kusafisha ofisi katikati ya Croydon, akavua viatu mlangoni na kuketi karibu na hita. Binti yake Miradie, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, alimletea chai, kisha akamsomea barua zilizofika jana yake. Walikuwa wamekuja London kutoka Bukavu mwaka 1999, miaka minne kabla ya hapo. Mama alijua Kiswahili na Kifaransa, lakini Kiingereza kilikuwa hakijamwingia. Kwa hiyo Miradie ndiye aliyemsemea kwa daktari, kwa mwenye nyumba na hata shuleni.

Jumatatu moja Miradie alikuwa ameshika barua ya kampuni ya umeme. Herufi zilichezacheza mbele ya macho yake. Aliweka kidole chini ya kila neno.

"Mbona leo unasoma kama mtoto wa chekechea?" Mama alimtania.

Kabla Miradie hajajibu, mlango uligongwa. Alipofungua, alimkuta Kocha Leszek amesimama nje, koti lake limelowa mvua.

Kocha Leszek alikuwa Mpolandi mrefu mwenye pua iliyopinda. Zamani alicheza beki katika timu za Poland na Uingereza. Sasa alifundisha wasichana wa mtaa. Wachezaji walimcheka chinichini kwa sababu aliwaita kwa namba za jezi, hata wale aliowafundisha kwa miaka miwili. "Nyumbani kwake labda mkewe ni namba saba," golikipa wao, Lila, alipenda kusema, na Miradie ndiye aliyecheka kuliko wote.

"Namba tano," Kocha alisema kwa Kiingereza, "hospitali wamesemaje?"

Jumamosi, kwenye mechi, alikuwa amegongana kichwa na mchezaji wa timu nyingine. Alianguka, na kwa muda hakujua alikuwa wapi. Mama alipokuja kumchukua, Kocha alisema, "Mwambie mama yako akupeleke hospitali leo hii. Hutacheza kwa wiki tatu." Lakini Jumapili iliyokuwa inakuja ndiyo siku ya kuchagua timu ya wilaya, na Miradie alikuwa ameisubiri mwaka mzima. Alimgeukia Mama akasema, "Anasema nimecheza vizuri sana." Mama alimshika Kocha mkono kwa mikono yake miwili, akatabasamu na kumshukuru.

"Anasema nini?" Mama aliuliza sasa, akisogea mlangoni.

"Anasema mazoezi ya kesho yamesogezwa mbele. Na kwamba naendelea vizuri."

Uso wa Mama uling'aa. "Mwambie Mungu ambariki. Aingie, chai ipo."

Miradie alimgeukia Kocha. "Mama anasema tulikwenda. Daktari amesema sina tatizo."

Kocha hakuondoka. Alimtazama Mama, aliyekuwa bado anatabasamu.

"Jumamosi nilisema mtoto wake ameumia kichwa," alisema taratibu, "naye akanishukuru. Hakuna mama anayetabasamu hivyo."

Alimpita Miradie, akasimama mbele ya Mama. Aligusa kichwa chake mwenyewe, akagonganisha ngumi zake mbili, akafumba macho na kulegeza shingo. Kisha akamnyooshea Miradie kidole.

Tabasamu la Mama lilipotea. "Miradie, uliumia kichwa?"

Miradie alifungua kinywa ajibu. Akatapika pale pale, juu ya barua na zulia.

Kocha aliwapeleka hospitali, wakangoja huko kwa saa nne. Baada ya vipimo, daktari alikuja, na Miradie akajiweka sawa ili atafsiri kama kawaida. Mama alimzuia kwa mkono.

"Leo sitaki uniambie wewe."

Daktari alimtafuta mkalimani kwa simu. Miradie alikaa kitandani, akimwangalia mama yake akisikiliza habari zake kutoka kwa mtu asiyemjua. Ubongo ulikuwa umetikisika. Hakukuwa na damu ndani, lakini angegongwa tena kabla ya kupona, angeweza kufa. Asicheze kwa wiki sita.

Nafasi ya kuchaguliwa Jumapili ilikuwa imepotea. Miradie alilia, na Mama hakumbembeleza.

Kocha alikuwa bado ameketi karibu na mlango wa wodi.

"Muulize kwa nini hajaondoka," Mama alisema. "Na usipunguze hata neno."

Kocha alijibu akitazama sakafu, na Miradie alitafsiri sentensi kwa sentensi.

"Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Niligongwa kichwa Jumamosi. Daktari wa timu aliniuliza, nikasema sijambo. Nilikuwa mgeni. Niliogopa kwamba wakijua ninaumwa watanirudisha kwetu. Wiki iliyofuata nikagongwa tena, na sikucheza tena maishani. Sikio la kushoto halisikii. Majina nayasahau, hata nikiyaandika. Namba ziko mgongoni, naweza kuzisoma."

Miradie aliinama, akamalizia sentensi ya mwisho akiwa hawezi kumtazama Kocha.

Mama alimgeukia Miradie.

"Kwa nini ulinidanganya?"

"Ungenizuia kucheza, Mama."

"Ndiyo, ningekuzuia."

Alivuta kiti karibu na kitanda. Mikono yake bado ilinuka dawa ya kusafishia.

"Miaka minne nawaambia watu kanisani kwamba nina binti hodari anayenisemea," alisema. "Sijawahi kusema kwamba naogopa. Kila unapofungua mdomo mbele ya watu hawa, mimi sijui unasema nini. Nakuamini tu, sina njia nyingine. Ukinidanganya, unaweza kufa mbele yangu huku mimi nacheka. Nitajifunza Kiingereza chao, hata kama ni neno moja kwa siku. Lakini mpaka nitakapokijua, niletee ukweli wote, Miradie. Hata ule unaokuumiza. Huo ndio ninaouhitaji kuliko wote."