Aliyekaa Kiti cha Nyuma

Gari lilikuwa limelalia nyuma, upande wa kulia, kama lililobeba mtu mnene, na ndani hamkuwa na mtu. Fundi viti aliliona hilo kabla hajaiona rangi yake ya samawati, wala nikeli za bampa zilizong'arishwa mpaka unaweza kujinyolea hapo. Lilikuwa gari la Kimarekani la zamani, refu, lililofufuliwa bati kwa bati. Mnunuzi mwingine yeyote angefungua boneti kwanza. Yeye, kazi ni kazi, alifungua mlango wa nyuma, akakaa, akabonyeza sponji kwa kiganja.

Kiti kilikuwa na joto. Gari lilikuwa kivulini tangu asubuhi.

Na palepale uchungu ukamtoka. Miezi mitatu ulikuwa umemkaa kifuani, tangu amzike mke wake, haumruhusu kula wala kulala, na sasa ulichomoka taratibu, bila hata kuaga. Usidhani alikuwa mjinga. Alijua kiti hakitibu mtu. Lakini aliyepata nafuu hana haraka ya kuuliza imetoka wapi.

"Nalichukua, mzee," akasema.

"Wote husema hivyo," muuzaji akajibu. Alikuwa mzee mkavu, hacheki wala hanuni. Walipokuwa wanatia saini sebuleni, fundi akaona picha ya watoto ukutani, akauliza kwa adabu kama ni wake.

"Ndiyo. Wanne." Mzee akaitazama picha tena. "Au watano."

Nyumbani fundi alikuwa na watu wawili: dada yake mkubwa, aliyehamia kwao tangu msiba, na binti yake wa miaka tisa, waliyemwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Mchana Chiriku alipiga soga hata na vijiko. Jioni, saa ambayo mama yake alikuwa akirudi kutoka kazini, alikaa kibarazani akalia, na baba yake akalia naye, wameshikana mikono. Ilikuwa taabu, lakini ilikuwa taabu ya watu wawili.

Lilipokuja gari, Chiriku akaanza kulia peke yake. Baba alikuwa kiti cha nyuma, mlango umefungwa.

Alijua hayuko peke yake mle ndani. Springi za viti ni kazi yake ya miaka ishirini. Anaujua mlio wa springi iliyochoka, na mlio wa springi inayoelemewa na paja la mtu anayesogea. Kando yake springi zilisogea. Harufu ikapanda, ya nguo zilizofungiwa sandukuni zikiwa mbichi, na pumzi ikamgusa sikio la kulia, pumzi ndefu ya mtu anayekula na hataki kuacha, na kila ilipovutwa fundi alisahau kitu kidogo, leo namna mke wake alivyokohoa kabla ya kucheka, kesho rangi ya kitambaa chake cha kichwani, keshokutwa kwa nini mtoto yule wa kibarazani analia na inamhusu nini yeye, na hakuogopa, ingawa alijua vizuri kabisa kwamba kutoogopa kwenyewe ndiko kulikopaswa kumtia hofu.

Dada mtu alishtuka siku Chiriku alipoanguka mlangoni akachubuka goti, na baba yake akamruka, akaenda zake garini. Alimfuata akanong'ona dirishani.

"Mdogo wangu, umemruka mtoto wako kama gogo."

"Nilimwona."

"Na moyo wako ukasemaje?"

"Haukusema kitu, dada."

Kesho yake dada akamleta mganga, mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, asiye na mbwembwe. Alilizunguka gari mchana kweupe, akanusa dirisha la nyuma, akarudi hatua tatu.

"Jini huyu hanywi damu," akasema kwa sauti ya chini. "Anakula uchungu. Ukiisha, anakula ulikotoka, mapenzi yenyewe. Ukishabaki ganda, anamtafuta mwingine wa nyumba hii hii, mwenye uchungu mbichi."

"Tumfukuze basi, bibi!" dada akadakia.

"Dawa yake ni chozi. Chozi la mwenyewe, limtoke palepale kitini. Hastahimili kunyang'anywa tonge mdomoni."

Fundi akaingia, akakaa. Mganga akaushika mlango ukiwa wazi.

"Lia, mwanangu. Mkumbuke."

Akamkumbuka. Urefu wake, siku ya harusi, wodi, kitanda cha pili kutoka mlangoni. Yote yalikuja kwa mpangilio, makavu, kama habari za watu wa mtaa wa pili. Kando yake springi zilitulia, zikisubiri. Nusu saa ikapita. Nje, dada alilia mpaka akakaa chini, lakini chozi la dada halikuwa dawa.

"Tumechelewa," mganga akasema. Akamtoa fundi garini, akamkazia macho. "Mtoto asilikaribie gari hili. Mshike, umesikia? Hata kama moyoni husikii kitu, mkono unao."

"Nimesikia, bibi."

Dada akamsindikiza mganga hadi barabarani. Jua lilikuwa limeanza kulegea, saa ileile ya mama kurudi. Chiriku akatoka kibarazani, macho yamevimba.

"Baba, huko nyuma ndiko unakoenda ili usilie?"

"Ndiyo."

"Hata mimi nimechoka, Baba."

Akapanda. Springi zikaguna kwa uzito wa mtoto, kisha zikaguna tena, upande wa kulia, kitu kilipomsogelea. Chiriku akageuka, akapatazama pale patupu, akamnyooshea baba yake mkono.

"Baba, humu kuna mtu."

Fundi aliitafuta hofu kama anayejipapasa mifukoni kutafuta funguo. Maneno ya mganga aliyakumbuka yote, moja moja. Mkono alikuwa nao. Akautumia kuurudisha ndani mkono wa mwanawe, kisha akafunga mlango taratibu, asije akambana vidole.