Mgeni Mkavu

Mbwa aliyekuwa akikwaruza mlango alikuwa mkavu.

Mlezi wa kituo cha wanyama hakuliona hilo mapema. Tangu alfajiri alikuwa akiwapandisha mbwa na paka ghorofani, maji yakimfuata ngazi kwa ngazi, hadi mikono ikafa ganzi. Alikuwa na desturi yake: kila mnyama aliyefika alimwambia, kabla hata ya kumtazama, "Karibu. Hapa ni kwako." Sauti ya upole huwatuliza. Basi aliposikia mkwaruzo akafungua na kuyatamka maneno yale huku amefumba macho.

"Shemeji, ipo siku utamkaribisha mamba," alisema dereva wa kituo, mdogo wa mumewe, akifunga koti aende kutafuta mashua.

"Mamba ana adabu kuliko wewe. Nenda, na usirudi mikono mitupu."

Dereva alipoondoka, ndipo mlezi akampapasa yule mgeni. Nje mvua ilikuwa ikipasua mabati, lakini manyoya yale yalikuwa makavu, ya moto, yakinuka vumbi la kiangazi.

Kubweka kukakoma. Paka wakanyamaza. Wote walikuwa wakirudi nyuma, polepole, matumbo yakiburuta sakafuni, kuelekea dirisha ambalo upepo ulikuwa umelivunja, na chini ya dirisha hilo maji ya kahawia yalikuwa yakipita na milango ya watu na matawi mazima, na mbwa mmoja kikongwe, kipofu, ambaye hata kushuka kizingiti alikuwa akiogopa, alikwisha kupandisha miguu ya mbele ukingoni.

"Ondoka," mlezi alinong'ona. "Tafadhali. Watajitupa."

Mgeni akafunua kinywa. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mlezi mwenyewe, imechoka vilevile.

"Umesema hapa ni kwangu. Kwangu kumezama. Niende wapi?"

"Popote. Si humu, pamoja nao."

"Basi nipe chumba kingine."

Akamtazama mlezi kuanzia miguuni hadi utosini, kama mpangaji anayekagua nyumba.

Mlezi angeweza kukimbia. Lakini uchovu ulikuwa umemmaliza, hata hofu ilikosa pa kukaa. Na miguu ya nyuma ya kikongwe ilikuwa ikitetemeka, ikijiandaa kuruka.

"Fanya upesi," alisema.

Joto likamwingia viganjani, likapanda mikononi, likatulia kifuani kama mtu anayejinyoosha kitandani. Sakafuni hapakuwa na mbwa. Kikongwe akashusha miguu. Mlezi akalia kwa furaha, akiwa ameegemea ukuta wa mbali.

Dereva alirudi na mashua, akafunga kamba kwenye ngazi, akawabeba wanyama mmojammoja. Hakupotea hata mmoja. Mwishowe mlezi akaweka mguu mashuani. Papo hapo mbwa na paka wote wakakimbilia ncha ya pili, wakirundikana, wakilia. Mashua ikalala ubavu, maji yakaanza kuingia.

"Shemeji, umewafanya nini? Si wanao hawa?"

Akauondoa mguu. Kikongwe kipofu alikuwa amemtolea meno, yeye aliyekuwa akimlisha kwa mkono.

"Tangulia nao," alisema taratibu.

"Nitakurudia sasa hivi!"

Mlezi akafungua kinywa amuage. Zikatoka sauti mbili kwa pamoja, zote zake, zote zimechoka.

"Usiharakishe. Tunalala."