Miwili Mirefu, Mmoja Mfupi

Lori la Sylvance lilipopiga honi pale Gikomba, watu wote waliziba masikio isipokuwa wawili. Wachuuzi wa mitumba walitukana, na mwenye mkokoteni akaruka kando, viazi vyake vikamwagika. Lakini Perez Amondi, mjane wa Shauri Moyo aliyevaa gauni la kitenge cha samawati na kilemba alichokifunga kwa madaha ya msichana, aligeuza uso kuelekea upande wa reli. Hatua chache mbele yake, mzee mwembamba wa kanzu nyeupe aligeukia kuko huko.

Wakatazamana kati ya marundo ya nguo.

"Hiyo si honi ya lori," mzee akasema. "Hiyo ni ya Mwingereza."

Ni watu wa reli tu walioziita hivyo zile injini za dizeli zilizoletwa kutoka Uingereza kuchukua kazi ya injini za mvuke, zenye rangi ya damu ya mzee, zilizopita zikitikisa vikombe kabatini. Na kati ya watu wote wa reli, mmoja tu ndiye aliyelitamka jina hilo akitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Perez akaweka kikapu chake chini.

"Zubeiri?"

"Ndimi, bibi. Mbona waniangalia kama uliyeona mzuka?"

"Kwangu mimi ulikufa zamani."

"Basi nimefufuka kiziwi. Sema kwa nguvu, sikio la kushoto alinila Mwingereza."

Sylvance, kijana mwenye lori, alichungulia dirishani. "Wazee, mko fiti? Hiyo honi niliipata kwa watu wa vyuma, huko Industrial Area. Walikuwa wanakata treni moja ya kitambo."

"Walimkata?" Zubeiri akauliza.

"Vipande vipande, mzee. Imebaki honi tu."

Zubeiri aliigusa honi ile kwa kiganja, na machozi yakamtoka mbele ya soko zima. Asichekwe. Mtu hulia kwa kitu kilichobeba ujana wake, na wengine tumelia kwa vitu duni kuliko injini. Perez alimwonea huruma, kisha akakasirika kwamba bado aliweza kumwonea huruma. Hata hivyo alimpa namba ya simu.

Zamani Perez alikuwa binti wa Oketch, dereva wa injini ya mvuke, na waliishi katika nyumba za reli, Makongeni. Zubeiri, kijana kutoka Pwani, ndiye aliyekuwa akimlishia Oketch moto wa injini, na jioni akila ugali mezani kwake. Halafu akaenda kusomea dizeli. Oketch hakumsamehe. Alisema injini isiyo na moto ni kabati lenye magurudumu, na kwamba hangemwoza bintiye kwa dereva wa kabati, tena Mwislamu. Wapenzi wakapanga kutoroka. Zubeiri akipita Makongeni na treni ya mizigo ya Mombasa angepiga milio miwili mirefu na mmoja mfupi. Treni ingesimama Makadara kwa muda mrefu kuipisha nyingine, na Perez angefika na begi lake, apande behewa la gadi, msimamizi wa treni, ambaye alikuwa rafiki yao. Siku ilipofika, Perez alikaa karibu na mlango tangu asubuhi, na ule mngurumo wa Mwingereza aliokuwa akiungoja haukupita. Hayo ndiyo aliyoyajua, na akaolewa nayo, akazaa nayo, akazeeka nayo.

Sasa simu zikaanza. Kwa kuwa Zubeiri hakusikia vizuri, Perez alilazimika kupaza sauti, na majirani wote wa ploti wakajua mambo yao.

"Umekula?"

"Nimekula wali wa jana. Nawe je, moyo wangu?"

"Usiniite moyo wako, nina wajukuu."

"Wajukuu wana mioyo yao. Mimi nauita huu wangu."

Clare, mjukuu aliyekuwa chuoni, alicheka hadi akashika mbavu. Alimwita nyanya yake Dani, kwa Kijaluo. "Dani, huyo ni nani unamuongelesha hivyo?"

"Ni mtu wa reli tu."

"Mtu wa reli ndiye anakufanya uvae hereni ukifua?"

Perez alimrushia kitambaa cha vyombo. Lakini siku hizo aliimba akipika, jambo ambalo Clare hakuwahi kulisikia tangu azaliwe.

Kisha siku moja Zubeiri akabadilisha sauti. "Perez, nyumba ninayopanga inabomolewa, wanataka kujenga ghorofa. Jumamosi binti yangu Aqsa anakuja kunichukua nikaishi kwake Mombasa, Changamwe. Twende sote. Tuoane. Muda uliobaki ni mchache, usiniache niumalize peke yangu."

Perez akatazama pazia la chumba, ambako mwanawe Gordon, baba yake Clare, alikuwa amelala. Shehena ilimwangukia kiwandani, na tangu hapo hakuinuka. Perez ndiye aliyemgeuza kitandani, akamwosha, akamlisha. Angeweza kumweleza Zubeiri hayo kwa upole. Badala yake alilitoa lile lililomkaa rohoni miaka yote.

"Uliniacha nimekaa na begi, leo waniita tena?"

"Nani alimwacha nani? Nilipiga, Perez. Nilipiga mpaka gadi akaniuliza kama nimepagawa."

"Hukupiga. Nilitega sikio siku nzima."

"Wasema mimi mwongo?"

"Nasema honi yako haikulia, Zubeiri."

Akakata simu. Ilipolia tena aliifunika kwa mto. Clare akamwambia, "Dani, ni yeye," naye akajibu, "Acha ilie." Hakuimba tena jikoni.

Alhamisi mchana mtu alipiga hodi. Alikuwa Zubeiri, amevaa koti lake la reli juu ya kanzu, ana kifurushi cha haluwa, na jirani amemshika mkono kumwonyesha mlango. Aliomba kwanza kumsalimia mgonjwa. Akaingia nyuma ya pazia, akakaa na Gordon, wakazungumza habari za mpira. Alipotoka, aliketi mkabala na Perez.

"Sikuja kubishana," akasema. "Nataka nikueleze siku ile ilivyokwenda, kisha uniite mwongo ukipenda. Asubuhi ile Mwingereza alikataa kuwaka."

"Alikataa?"

"Mafundi wakahangaika naye, wapi. Na mzigo ni lazima uende. Wakaniambia, wewe umejifunzia kwenye mvuke, chukua ile pale. Wakamshusha dereva wake."

Perez akamsogelea. "Dereva yupi?"

"Babako. Aliambiwa ashuke anipishe. Hakunitazama usoni, Perez, alichukua kofia yake tu akashuka. Nikaondoka na injini yake. Nilipofika Makongeni nikavuta filimbi ya mvuke, miwili mirefu, mmoja mfupi. Nikarudia. Kisha nikakaa Makadara, macho njiani, mpaka wakanifukuza niondoke."

Clare, aliyekuwa akiosha vyombo, aliacha. Wake na mabinti wa madereva wa mvuke walikuwa na desturi yao: dereva akikaribia nyumbani alivuta filimbi, na wa nyumbani wakaweka sufuria motoni ili akute chakula. Kila nyumba iliitambua sauti ya injini yake, hata zikipita kumi.

"Niliisikia," akasema mwishowe.

"Nini?" Zubeiri akasogeza sikio la kulia.

"Niliisikia, Zubeiri. Niliisikia vizuri sana. Ilikuwa sauti ya baba. Nilijua anarudi mapema, sikungoja kusikia ni milio mingapi. Nilificha begi chini ya kitanda, nikainjika maji ya ugali."

Mzee alifunika uso kwa viganja.

"Mimi nikiita," akasema, "nawe wapika."

"Baba alirudi jioni, kwa miguu. Hakugusa chakula. Nilidhani anaumwa." Perez akalia bila kujificha. Alimlilia baba yake aliyeshushwa kwenye injini yake, na akamlilia yule msichana aliyekaa akichochea jiko wakati treni inamngoja.

Zubeiri akamshika mkono. "Basi sasa tumejua. Twende."

"Gordon nitamwachia nani?"

"Twende naye."

"Kwa Aqsa kuna chumba cha kumweka?"

Hata Zubeiri mwenyewe angelala sebuleni.

"Nawe huwezi kubaki hapa?" Perez akauliza.

"Macho yaniacha, mpenzi. Hata hapa nimeletwa kwa mkono. Nikibaki nitakuwa mgonjwa wako wa pili, na hilo sitakufanyia." Akainuka. "Jumamosi Sylvance atanibebea vitu. Nimemwomba apite huku, nipige mara moja. Ukija, umekuja. Usipokuja, safari hii sitakuwa na kinyongo."

Jumamosi asubuhi Perez alimgeuza Gordon na kumlisha uji. Akavaa kitenge cha samawati. Akatoa begi, akaketi nalo mlangoni.

"Dani, unaenda wapi?" Clare akauliza.

"Nyamaza nisikie."

Honi ililia barabarani. Miwili mirefu, mmoja mfupi. Majirani wakaziba masikio, mtoto wa chumba cha pili akaanza kulia. Perez akainuka, akatembea haraka kuliko magoti yake yalivyotaka, begi mkononi, akikata katikati ya nguo zilizoanikwa, mpaka kando ya barabara lilipokuwa lori, limepakiwa kitanda na masanduku. Zubeiri alikuwa mbele pamoja na Aqsa. Aliona rangi ya samawati kabla ya kuuona uso, akateremka akipapasa ngazi.

"Umekuja," akasema. "Umekuja na begi."

"Nimekuja."

"Wapanda?"

"Siwezi, baba. Unajua siwezi." Akaishika mikono yake yote miwili. "Nimekuja ujue kwamba ningekuja."

Zubeiri alitikisa kichwa polepole. Aqsa aligeuza uso upande mwingine kuwapa nafasi. Kisha akamsaidia babake kupanda. Lori lilipoondoka Zubeiri alipiga tena, na alipofika kwenye kona akapiga, na kule mbali, ambako yeye mwenyewe asingeweza kusikia, akapiga.

Perez alisimama hadi sauti ikaisha. Akarudi nyumbani, akaliweka begi chini ya kitanda, akainjika maji ya ugali.