Redio ya Kando ya Kitanda cha Dada

Ufundi wa redio sikusomea popote. Niliujua kwa kuharibu vitu vya watu wa nyumbani, nikachapwa, nikaharibu vingine, mpaka siku moja kimoja kikaimba. Nalisema hili mapema ili mtu asije kuniuliza habari za vyeti. Duka langu lina kaunta moja, kigoda kimoja na kibao nilichokiandika kwa mkono wangu: HAPA UNAAMBIWA UKWELI. Ukiniletea takataka nakwambia hii ni takataka. Wengi wamenuna, wakarudi. Hasira ninazo, sikatai. Uongo ndio sikuwa nao, mpaka yalipokuja haya ya dada yangu.

Alikuja Jumamosi asubuhi, siku yake ya mapumziko, amevaa vizuri, ananukia. Dada ni nesi wa zamu ya usiku, kwa hiyo watu wakiamka yeye ndiyo kwanza anavua viatu. Alikuwa amepaka rangi chumba chake, amebadilisha mapazia, na sasa alitaka redio yenye saa ya kuweka kando ya kitanda. Alitaka iwe ya kumwamsha saa kumi na moja jioni, ya kumwimbia akiwa amelala, na isiyotia aibu. Sitaki dude, alisema. Anataka mtu akichungulia chumbani ajue hapa analala mtu.

Nikampangia nne juu ya kaunta. Ya kwanza ilikuwa nyeusi, nzito, sauti yake imeshiba. Akasema hilo ni tofali. Ya pili ilikuwa ya mviringo kama yai, ikabingirika nusura ianguke. Ya tatu namba zake ziliwaka mpaka ungedhani umelala chini ya taa ya barabarani. Ya nne ndiyo iliyomkamata. Ilikuwa ya mbao ya rangi ya asali, kitambaa cha kijivu usoni, vitufe viwili vya shaba, na namba za rangi ya chungwa zinazofifia zenyewe chumba kikiingia giza. Dada aliipitishia kiganja kama mtu anayempapasa mtoto kichwani.

Nikaiwasha. Nyuki ndani ya kopo.

Nikamwambia ukweli, kama kawaida yangu: hii sura tu, ndani spika yake haizidi kifuniko cha chupa, chukua tofali. Akacheka, akasema ndiyo maana mpaka leo hujaoa, unachagua kwa masikio. Kisha akafungua mkoba, akatoa kitu kilichofungwa kwenye kitambaa cha jikoni, akakiweka mbele yangu. Nikakijua kabla hajakifungua, kwa sababu nilikitengeneza mimi.

Hapa nieleze kidogo. Mume wa dada, shemeji yangu, ni dereva wa malori ya safari ndefu, anaweza kukaa wiki tatu hajagusa mlango wake. Mama yake mzazi alikuwa nyumbani kwao, miguu imekufa, sauti imebaki nyembamba kama uzi. Hata ukiwa chumba cha pili humsikii. Kwa hiyo shemeji aliniomba niwatengenezee visanduku viwili vya kuitana. Kimoja nilikifunga kitandani kwa mama: kitufe chekundu, pa kusemea, na taa ndogo, kataa ka kijani. Cha pili nilikitundika ukutani chumbani kwa dada, nikakitia spika niliyoing'oa kwenye redio ya zamani ya kabati, spika ambayo ingeweza kukupa hata pumzi ya mtu. Nilimfundisha mama mwenyewe. Nilimshika kidole gumba, nikakiweka juu ya kitufe, nikamwambia: mama, ukiona taa hii imewaka, jua umesikika. Alifurahi kama amepewa miguu.

Sasa kisanduku cha dada ndicho kilichokuwa juu ya kaunta yangu. Alitaka niitoe ile spika nzuri niitie kwenye redio ya mbao. Nikamuuliza, na mama mkwe akiita utamsikia kwa kitu gani?

Dada akainamisha kichwa karibu na changu. "Mdogo wangu, usiku kucha naitwa na wagonjwa wa watu. Mchana naitwa na yule Kasuku. Maji, maji, maji. Nilale lini?"

Kasuku ndilo jina alilompa. Kwa sababu ya kurudia neno moja.

Ningeweza kukataa. Nimewafukuza wateja kwa makosa madogo kuliko hilo. Lakini alikuwa dada yangu, macho yake yalikuwa mekundu kweli, na kuna jingine ambalo sipendi kulisema: nilitaka kusikia spika ile itatoa nini ndani ya mbao ile. Nikachukua bisibisi. Nikayeyusha risasi iliyoshika waya, nikaitoa spika, nikaichomelea kwenye redio. Kisanduku kitupu nikakifunga skrubu zake zote nne, kikaonekana kizima, akarudi nacho akakitundika palepale ukutani. Redio ilipowaka, mpita njia alisimama mlangoni kusikiliza. Sauti ilikuwa tamu mno.

Jambo moja sikulisema, na aliyelijua ni mimi peke yangu. Kile kisanduku cha mama kilikuwa na betri yake chenyewe. Ukibonyeza kitufe, kataa ka kijani kanawaka tu, hata kama upande wa pili hakuna spika, hata kama upande wa pili hakuna mtu.

Mama alikufa baada ya siku kumi na tisa.

Jirani yao, mama mmoja anayeanika nguo chini ya dirisha la chumba cha marehemu, alisimulia msibani kwa nia njema kabisa. Alisema siku ile marehemu alisikika tangu asubuhi, mwanangu, maji, mwanangu, maji, na muziki mzuri unalia ndani, akajua basi mkwe yupo naye. Alipoanua nguo, saa tisa na dakika chache, ile sauti ilikuwa imenyamaza. Muziki uliendelea.

Dada aliamka saa kumi na moja, akaoga, akavaa sare, ndipo akachungulia. Aliniambia mwenyewe alichokikuta. Jagi lilikuwa mezani, limejaa, hatua mbili kutoka kitandani. Midomo ya mama ilikuwa imepasuka. Kidole gumba kilikuwa juu ya kitufe, kimekazana, ikabidi dada akibandue. Na macho yalikuwa wazi, yanatazama kataa ka kijani. Bado kanawaka.

Shemeji alifika siku ya pili, vumbi la barabara mpaka kwenye nyusi. Baada ya maziko alinivuta pembeni. Aliniuliza jambo moja tu, bila ukali, kama mteja.

"Shemeji, kile kisanduku kilikuwa kinafanya kazi?"

Nikamwangalia dada. Dada akaangalia chini.

"Kilikuwa kinafanya kazi," nikasema.

Akanishukuru. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Siku ya nne akarudi barabarani, na mimi nikaenda kutoa betri kwenye kisanduku cha mama, nikaitupa.

Wiki mbili zilipita. Dada akaja dukani mchana, saa ambayo anapaswa kuwa amelala, kanga kichwani, redio ya mbao kifuani. Alisema inashika stesheni mbaya. Ikifika saa tisa na dakika kumi muziki unashuka wenyewe, na kuna mtu anaongea chini yake. Nikaifungua, nikaipima waya kwa waya, nikaikalisha kaunta mpaka jioni. Ikaimba vizuri. Nikamwambia uchovu huo, nenda kalale. Kesho yake akarudi na maneno yaleyale, mbele ya wateja wawili. Hapo hasira zikapanda. Nikamwambia asiniharibie jina, kitu nilichokichomelea mimi hakiongei ovyo, na kama hataki kuona haya basi nitakwenda mwenyewe nikae na hiyo redio mpaka itoe huyo mtu wake.

Kesho yake nilikwenda.

Nyumba ilikuwa imetulia, jua kali nje, nguo za jirani zimeanikwa. Chumba cha dada kilipendeza, lazima niseme. Mapazia mazito. Kitanda kimetandikwa. Redio kando yake, namba zake zinafifia kwa adabu, kama picha ya tangazo la duka. Dada alilala juu ya shuka na nguo zake, mikono tumboni. Mimi nikakaa kwenye kigoda cha meza ya kioo. Mlango tuliuacha wazi. Kutoka pale niliweza kuona, ng'ambo ya ukumbi mdogo, kitanda cha mama. Godoro tupu. Jagi. Kisanduku.

Saa tisa na dakika nane nikachomoa waya wa redio ukutani. Nikaushika mkononi, dada auone. Namba zikazimika. Nikamwambia, haya, tuone sasa.

Tukangoja.

Nilisikia saa yangu ya mkononi. Nilisikia shuka zikipeperuka nje.

Kisha spika ikavuta pumzi.

Sijui kuisema vingine. Ninajua mkwaruzo wa waya, ninajua mvumo wa umeme. Hii ilikuwa pumzi, ya mtu mwenye koo kavu. Waya ulikuwa mkononi mwangu. Nikautazama. Nikatazama ng'ambo ya ukumbi.

Kataa ka kijani kalikuwa kanawaka.

"Mwanangu," redio ikasema. "Maji."

Nilikuwa nimesahau jinsi spika ile ilivyo safi. Ulimi ulisikika ukibanduka kwenye kaakaa.

Dada aliinuka. Hakulia, hakunitazama. Alivaa kandambili kama mtu anayekwenda kazini. "Nikimpa atanyamaza," alininong'oneza. Akavuka ukumbi. Nikamwona akilishika jagi. Kisha mlango wa chumba kile ukajifunga, polepole, bila kishindo.

Nikabaki na redio.

Nilisikia maji yakimiminwa. Nilisikia sauti ya dada, ndani ya mbao, karibu na goti langu. Mama, kunywa. Nilisikia mtu akinywa. Akanywa, akanywa. Hakupumzika. Hakuna jagi lenye maji mengi hivyo.

Kisha kimya.

Kisha dada.

"Mdogo wangu. Njoo."

Mlango ulikuwa hatua sita. Nimezihesabu baadaye, ni sita.

"Mdogo wangu. Njoo unitoe."

Sikuinuka. Nitawaambia ukweli, maana nimebakiwa na huo tu. Nilikaa kwenye kigoda, waya mkononi, nikamsikiliza dada yangu akiniita kwa sauti safi kuliko zote nilizowahi kuzitengeneza. Aliita mara kumi na mbili. Sauti ikawa inakonda. Ilipofika unene wa uzi ilibaki na neno moja, na halikuwa jina langu.

Iliponyamaza ndipo nikaenda.

Alikuwa amelala kwenye godoro la mama mkwe wake, chali. Jagi lilikuwa mezani, hatua mbili, limejaa mpaka ukingoni. Midomo ya dada ilikuwa imepasuka na kukauka damu, kama mtu ambaye siku tatu hajaonja maji. Alikuwa ameondoka mbele yangu robo saa haijafika. Kidole gumba kilikuwa juu ya kitufe. Nilikibandua mimi. Nikafungua kisanduku: mahali pa betri palikuwa patupu, kama nilivyopaacha.

Madaktari walisema ni kiharusi. Miguu haitembei tena. Wenzake wa wodini walikuja mara mbili, wakaleta matunda, wakaacha kuja. Ukimpa maji anayameza yote, na akimaliza anasema maji.

Shemeji aliacha safari ndefu akae naye. Mtu mwema yule, sijawahi kumsikia akimlaumu mtu. Mwezi uliopita alikuja dukani na visanduku vyote viwili kwenye mfuko. Alisema dada yako anaita na hasikiki, nifungie tena kama vile ulivyomfungia mama, maana vile vilifanya kazi. Sikuweza kumtazama. Nikaitoa spika kwenye redio ya mbao, nikairudisha kwenye kisanduku chake, nikaenda nikafunga. Nilimshika dada kidole gumba, nikakiweka juu ya kitufe. Nilipotaka kumwambia habari ya taa, alinikazia macho. Nikakusanya vifaa vyangu, nikaondoka.

Redio ya mbao ilibaki kwangu. Iko rafu ya juu, haina spika, haina waya, waya niliukata. Wateja wanaiulizia kwa uzuri wake, nawaambia haiuzwi. Kila siku, saa tisa na dakika kumi zikipita, juu ya kaunta chini ya rafu ile nakuta duara la maji, ukubwa wa kitako cha glasi. Paa halivuji. Nimepanda nikaangalia. Nalifuta kwa kitambaa na kuendelea na kazi.

Leo yalikuwa mawili.

Nimeyafuta yote. Shemeji ananipigia simu tangu wakati huo, inakatika, inaita tena. Iko hapa karibu na mkono wangu. Sijaipokea.